Kutoka Minago hadi Katumba: Kupanga Safari ya Familia kama Somo la Kiswahili



Vitabu vingi vya kufundishia Kifaransa huwa na somo la safari. Familia inataka kwenda Lyon au Marseille; baba anauliza habari za treni ya asubuhi, mama anapima kama ndege ni nafuu kuliko gari la kukodi, na watoto wanahesabiwa umri ili wapate punguzo la nauli. Mwanafunzi wa Minago hulikariri somo hilo hadi akalimudu. Anajua kuuliza kwa Kifaransa treni inaondokea wapi, ilhali Burundi haina treni ya abiria. Lakini baba yake akimwambia, "Hebu tupangie safari ya kwenda kumwona shangazi yako Katumba", mwanafunzi huyo huyo hajui aanzie wapi. Safari hiyo ni ya kweli, ina treni ya kweli ndani yake, na lugha yake ni Kiswahili.

Makala haya yanaeleza jinsi safari hiyo inavyopangwa, na kwa nini tunaamini inafaa kuingizwa darasani. Hoja yetu ni moja: makosa yanayovuruga safari ya familia mara nyingi hayatokani na maneno magumu. Yanatokana na maneno mepesi, kama saa, usiku na mtoto, ambayo kila mmoja anadhani anayajua.

Kwa nini Minago, na kwa nini Katumba?

Minago ni kituo kilichopo kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac. Ni mahali pa wavuvi, wa wakulima wa michikichi na wa wasafiri. Kiswahili si kigeni huko. Mji wa Rumonge umekuwa na wasemaji wa Kiswahili tangu zamani, kama ilivyo Buyenzi kule Bujumbura, na ziwa lenyewe limekuwa njia ya lugha hii kati ya Burundi, Tanzania na Kongo.

Katumba ipo mbali, katika Mkoa wa Katavi nchini Tanzania, karibu na mji wa Mpanda. Kinachoziunganisha sehemu hizi mbili ni historia. Mwishoni mwa Aprili 1972 machafuko yalianza kusini mwa Burundi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa sehemu za kwanza kukumbwa, na mauaji yaliyofuata yalienea nchi nzima. Watu wengi walikimbilia Tanzania, na baadaye wakapewa ardhi katika makazi makubwa matatu: Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Baada ya miaka mingi, baadhi yao walirudi Burundi. Wengine walibaki, na mwaka 2014 Tanzania ilitoa uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo. Kwa hiyo zipo familia ambazo kaka yuko Minago akiwa raia wa Burundi, na dada yuko Katumba akiwa raia wa Tanzania. Arusi ikiitishwa upande mmoja, au msiba ukitokea, mtu hana budi kusafiri.

Kwa hiyo hatuzungumzii utalii. Anayekosa treni ya kwenda mazikoni hapati nafasi ya pili.

Njia zenyewe

Tuchukue familia ya mfano: baba, mama, bibi, na watoto watatu. Watu sita na mizigo. Njia yao ina vipande vinne.

Kipande cha kwanza ni cha barabara. Kutoka Minago gari huelekea kusini, likapita Rumonge na Nyanza-Lac, kisha huliacha ziwa na kupanda milima hadi Mabanda na mpaka wa Mugina. Ng'ambo ya mpaka ni Manyovu, na kutoka hapo barabara huteremka hadi Kigoma. Anayepanga akumbuke kwamba tangu 2021 Burundi imekumbwa mara kwa mara na uhaba wa mafuta. Bei aliyotajiwa wiki iliyopita isiwe ndiyo hesabu ya mwisho, na aweke nafasi ya siku moja zaidi kabla ya siku ya treni.

Kipande cha pili ni cha reli. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914 wakati wa Wajerumani, ina urefu wa kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Msafiri wetu haendi huko kote. Treni ya kutoka Kigoma hupita Uvinza na Nguruka, kisha Kaliua, ndipo ikafika Tabora, mwendo wa kilomita zipatazo 410. Treni za abiria kwenye njia hii huondoka kwa siku maalumu za wiki, wala si kila siku, na ratiba hubadilika, hasa mvua zinapoharibu njia. Kabla ya kufunga mizigo, mpigie simu jamaa aliyeko Kigoma aulize stesheni.

Kipande cha tatu ni cha tawi la Mpanda. Tawi hili huachana na reli kuu pale Kaliua na kwenda kusini kilomita 210 hivi hadi Mpanda, ambako ndiko mwisho wake. Familia hubadili treni. Hapa ndipo mpango huweza kukatika, kwa sababu treni mbili zisipopatana siku, watu sita watalala njiani. Mwenye kupanga aanze na siku ya treni ya Mpanda, kisha arudi nyuma hadi siku ya kuondoka Minago. Wengi hufanya kinyume chake.

Kipande cha nne ni cha gari tena, kutoka Mpanda mjini hadi nyumbani kwa shangazi.

Ipo pia njia ya barabara tupu, kutoka Kigoma kupitia Uvinza hadi Mpanda kwa basi. Anayekwenda Mishamo njia hiyo humfaa zaidi, na anayekwenda Ulyankulu afuate reli hadi Tabora. Ndege nayo ina mahali pake. Bujumbura, Kigoma, Tabora na Mpanda zote zina viwanja vya ndege. Lakini kwa msafiri wa Minago, kwenda Bujumbura ni kuelekea kaskazini, na nauli ya watu sita si jambo dogo. Ndege hufaa zaidi pale mgonjwa mmoja anapohitaji kuwahishwa hospitali ya Dar es Salaam. Kuhusu meli, wazee wataisifu Liemba, iliyojengwa Ujerumani ikiitwa Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, na kupewa jina lake la sasa mwaka 1927. Zamani ilifika hadi Bujumbura. Lakini katika miaka ya mwisho ya 2010 ilisimamishwa kwa ajili ya matengenezo makubwa, kwa hiyo mpango usijengwe juu yake kabla ya kuuliza bandarini.

Saa ipi?

Tufike sasa kwenye maneno mepesi. La kwanza ni saa.

Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo. Kirundi nacho hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo mtu wa Minago hapati taabu kuelewa kwamba saa mbili asubuhi ni saa ile inayoandikwa 8:00. Taabu huanza anaposoma tiketi. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, ule ule aliofundishwa katika Kifaransa. Tuseme imeandikwa 20:00. Wapo wanafunzi wanaosoma "saa ishirini", jambo ambalo Kiswahili hakina. Kanuni ni rahisi: toa sita, ukipata zaidi ya kumi na mbili, toa kumi na mbili tena. Ishirini kutoa sita ni kumi na nne. Kutoa kumi na mbili ni mbili. Saa mbili usiku. Ikiwa namba ni sita au chini yake, ongeza sita: 02:00 ni saa nane usiku.

Lakini kazi haijaisha. Burundi na Tanzania hazitumii saa moja. Tanzania iko mbele kwa saa moja, kama Kenya na Uganda, na Burundi inafuata saa ya Rwanda, Kongo ya mashariki na Zambia. Maana yake ni kwamba Ziwa Tanganyika lina nchi nne na saa mbili, na Tanzania ndiyo peke yake iliyo tofauti. Saa mbili usiku ya Kigoma ni saa moja usiku ya Minago.

Sisi tunaoandika haya tuliwahi kulipia somo hili. Tulivuka mpaka mchana, tukala, tukapumzika, tukafika stesheni ya Kigoma tukiwa na uhakika kwamba bado tuna nusu saa. Tulikuta watu wanafagia. Treni ilikuwa imeondoka nusu saa iliyopita kwa saa ya hapo. Kosa lilikuwa letu peke yetu. Tiketi ilikuwa sahihi na tuliisoma sawasawa. Tulisubiri treni iliyofuata kwa siku kadhaa, na tulikotarajiwa tulifika shughuli imekwisha.

Kwa nini tofauti hii hudanganya watu kirahisi? Kwa sababu jua halimwonyi msafiri. Minago na Kigoma ziko karibu mno katika mstari wa kaskazini na kusini, kwa hiyo jua huchomoza kwa wakati ule ule. Huko Minago macheo huwa kama saa kumi na mbili asubuhi, sawa na jinsi Kiswahili kinavyotaka. Huko Kigoma macheo yale yale huitwa saa moja, kwa kuwa saa ya nchi nzima imepangwa kufuata sehemu za mashariki. Mtu anayehisi wakati kwa jua, kama bibi yetu wa mfano, atakuwa nyuma kwa saa moja tangu Manyovu hadi Katumba. Simu nazo zisiaminiwe moja kwa moja. Karibu na mpaka simu hufuata mtandao inaoushika; ya baba inaweza kuwa imebadilika, ya mama bado. Dawa yake ni swali moja: "Ni saa ngapi hapa sasa hivi?" Ulizeni mara mnapovuka, na muulize pia mpaka unafungwa saa ngapi, na kwa saa ya upande upi.

Usiku ni wa siku ipi?

Neno la pili ni usiku. Treni inayopita kituo cha njiani inaweza kufika saa nane usiku. Jamaa anapiga simu: "Njooni mtupokee Alhamisi saa nane usiku." Je, ni usiku upi? Kwa hesabu ya tarehe, 02:00 ya Alhamisi ni ule usiku unaoanza Jumatano jioni. Kwa mazoea ya watu wengi leo, usiku wa Alhamisi ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Na kwa hesabu ya Waswahili wa zamani, siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Alhamisi ulitangulia mchana wake. Watu watatu wenye Kiswahili kizuri wanaweza kwenda stesheni nyakati mbili tofauti.

Kiswahili kimejiwekea dawa yake, nayo ni kuamkia. Ukisema "usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi", hakuna wa kukosea. Tunawaomba walimu walipe neno hili nafasi yake, maana mara nyingi hulipita upesi kana kwamba ni la watangazaji wa redio. Aidha, wanafunzi wafunzwe mfululizo mzima wa siku: leo, kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Maneno mawili ya mwisho yanapotea, na mwenye kupanga safari ya vipande vinne anayahitaji.

"Mtoto wangu" mbele ya afisa

Neno la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Katika nyumba zetu, mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu. Tukisema hivyo nyumbani tumesema kweli tupu. Lakini mpakani neno lile lile hupimwa kwa karatasi. Fikirini mazungumzo haya:

"Mama, habari za safari? Hawa watoto ni wa nani?"

"Nzuri, baba. Ni wangu wote."

"Mbona cheti cha huyu kina majina mengine ya wazazi?"

"Ni wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye ninayemlea."

Mama hakusema uongo, ila jibu lake la kwanza limeongeza maswali. Angeanza na lile la pili, njia ingekuwa fupi. Hapa mwalimu ana nafasi nzuri ya kufundisha tofauti kati ya mwanangu wa kumzaa, mtoto ninayemlea na mpwa, na kueleza kwamba lugha ya ofisi haidharau undugu wetu, bali inauliza jambo jingine.

Kwa Warundi kuna ugumu zaidi. Kwa desturi ya Burundi kila mtu huweza kuwa na jina lake mwenyewe la Kirundi. Baba, mama na watoto wanne wanaweza kuwa na majina sita yasiyofanana. Afisa aliyezoea watoto kubeba jina la baba au la babu atashangaa. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa, kinachotaja wazazi, si karatasi ya kuacha sandukuni. Aliye na mtoto asiye wa kumzaa abebe pia barua inayoonyesha kwamba amekabidhiwa. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, na raia wake hawalipii viza kuingia Tanzania. Hata hivyo kila msafiri, pamoja na mtoto mchanga, anahitaji hati ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe karibu.

Kwenye dirisha la tiketi nako "mtoto" hubadilika maana. Huko si undugu, wala si hati, ni umri. Mwenye kukata tiketi aseme umri wa kila mmoja, asiishie kusema "watoto watatu".

Maneno madogo ya njiani

Yapo mengine ambayo mwanafunzi wa upande wetu hukwazwa nayo. Kigoma mtu hukata tiketi, hainunui tu. Wengi wetu husema tike, na tutaeleweka, lakini tusishangae tukirudishiwa tiketi. Gari huko laweza kuwa basi: "gari la Kasulu" ni basi liendalo Kasulu. Wazee husema gari la moshi au gari moshi, vijana husema treni. Kitu ni kimoja. Sehemu wanamokaa abiria ni behewa, na aina za nauli ni madaraja.

Kitenzi kuwahi kinastahili somo zima. "Tuliwahi kupanda treni" ni habari ya mambo yaliyopata kutokea maishani. "Tuliwahi treni" ni kwamba tulifika kabla haijaondoka. Kinyume chake si lazima kiwe "tulikosa treni". Msemaji wa Kigoma atakuambia pia "tumeachwa na treni", na ndivyo tulivyohisi siku ile.

Hata zawadi ina lugha yake. Ndagala wa Minago ni dagaa wa Kigoma, na mukeke wa Rumonge ni mgebuka. Shangazi aliyezaliwa Rumonge ataelewa majina yote. Wanawe waliozaliwa Katumba huenda wakajua la Kigoma tu.

Namna ya kulifundisha

Tunapendekeza vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza darasa ligawanywe kwa makundi, kila kundi liwe familia yenye watu wa umri tofauti, na lichore njia yake kutoka Minago likianzia siku ya mwisho kurudi ya kwanza. Katika kipindi cha pili kila kundi lipewe tiketi za mfano zenye saa zilizoandikwa kwa namba, liziseme kwa Kiswahili, kwanza kwa saa ya Kigoma, kisha kwa saa ya Minago. Katika kipindi cha tatu wanafunzi waigize: mmoja afisa wa mpakani, mmoja mkata tiketi, mmoja bibi anayeuliza maswali mengi. Mwalimu asisahihishe sarufi kwanza. Aulize: je, familia imefika?

Kipimo hicho ni kigumu kuliko mtihani wa kuandika. Mwanafunzi anaweza kupatanisha viambishi vyote na bado akaiacha familia yake stesheni. Mwingine aweza kuteleza katika ngeli na akawafikisha wote sita. Tunawataka wote wawili wajifunze kwa mwenzake.

Tunamalizia kwa habari ya matumaini. Mwaka 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati. Reli hiyo ikikamilika, treni itaingia Burundi, na behewa litakuwa neno la nyumbani. Tusingoje hadi siku hiyo. Bibi wa Minago anataka kumwona binti yake kabla hajafa, na mjukuu wake yuko darasani kwetu wiki hii.

Walimu watakaolijaribu somo hili wanakaribishwa kutuandikia jinsi lilivyokwenda, na hasa maneno mengine ya njiani waliyoyagundua. Tunawatakia kazi njema.